WAGENI WA KRISMASI WAMEONDOKA: SASA TURUDI KAZINI

 

Barabara sasa ni nyeupe. Wiki chache zilizopita usingeweza kuvuka pale Mkuu bila kutazama huku na huku mara nne. Magari madogo yalipandana tangu Marangu hadi Tarakea, na kila gari lilikuwa limejaa watoto, mabegi na katoni. Leo tunaona mabasi ya kawaida, bodaboda wachache wanaosinzia kivulini, na mbuzi wakila pembeni mwa lami. Yaani mbuzi waliobakia.

Katika makala hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni jambo. Jambo lenyewe ni namna ya kurudi katika kazi za kila siku baada ya sikukuu. Mtu akisikia hivyo atasema, "Jamani, hilo nalo lina somo? Si unashika jembe tu, unakwenda!" Lakini sisi tunaotembelea madarasa ya watu wazima tunaona mambo. Kila mwaka mwezi wa Januari tunakuta mama wagonjwa, watoto wanaosinzia darasani, ng'ombe waliopunguza maziwa, na nyumba ambazo mwezi wa Machi hazina unga. Ukiuliza sana, unakuta mengi kati ya hayo yalianza ile wiki wageni walipoondoka.

KWA NINI DESEMBA?

Huenda gazeti hili likamfikia msomaji wa mkoa mwingine, naye akajiuliza kwa nini watu wa Kilimanjaro wanarudi kwao wote kwa pamoja. Tueleze kidogo.

Mzee wa Kichagga alikuwa na kihamba. Katika kihamba kuna migomba, mikahawa, banda la ng'ombe, na makaburi ya wazazi. Kahawa ililetwa Kilema na wamisionari mwaka 1898. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1933 wakulima wa kahawa waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ilipeleka watoto shule, na shule ikapeleka watoto mjini. Tena kihamba hakikui. Mzee mwenye watoto wa kiume sita hawezi kukikata vipande sita, kila kipande kikalisha watu. Basi wengine walikwenda Moshi, Arusha, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi kutafuta maisha.

Lakini mtu hakati mzizi. Shule zinapofungwa Desemba, naye mfanyakazi akipata likizo, safari ni ya nyumbani. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kilomita kama 560, na bado kuna kupanda huku kwetu Rombo. Mwezi Desemba 2019 hata treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilifika tena Moshi, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20. Watu walifurahi sana.

Sensa ya mwaka 2022 ilifanyika mwezi wa Agosti. Mkoa wa Kilimanjaro ulihesabiwa watu 1,861,934. Kama makarani wangepita usiku wa Krismasi, wangerudi na namba nyingine kabisa.

NANI AMEPUMZIKA?

Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, naye anaendelea kulipwa. Hiyo ni haki yake. Mwili wa mtu siyo mashine, na hata mashine huzimwa ipoe.

Lakini mama wa kihamba je? Nani amempa siku 28?

Tuchukue nyumba moja ya mfano. Katika nyumba hii wapo watu 5: baba, mama, watoto wawili wa shule, na bibi mzaa baba. Tarehe 18 Desemba walifika wageni 10. Alikuja mdogo wake baba na mkewe na watoto watatu. Alikuja dada yake baba na mumewe na watoto wawili. Akaja na kijana mmoja wa mjomba. Jumla watu 15.

Wageni walifurahi. Walilala hadi saa 3 asubuhi. Walikunywa maziwa, walikula mtori, kiburu, ndafu na machalari. Wazee walikaa na mbege yao chini ya mgomba wakakumbushana mambo ya zamani. Wifi alinyoosha miguu uani akasema, "Wifi yangu, huku nyumbani ndiko kupumzika kweli. Hakuna kelele, hakuna joto."

Mama akajibu, "Karibuni sana wifi." Kisha akainuka kwenda kutazama sufuria.

Mama huyo aliamka saa 10 usiku kila siku kwa muda wa wiki mbili. Rombo siyo nchi ya mito mingi kama Machame, kwa hiyo maji ya watu 15 ni kazi peke yake. Alipika mara tatu, aliosha vyombo, alifua mashuka, alitafuta majani ya ng'ombe. Alipolala ilikuwa saa 6 usiku. Wageni walipoondoka tarehe 1 Januari, kila mtu alimwambia, "Asante mama, tumepumzika." Hakuna aliyemwuliza yeye.

Hatusemi wageni wasije. La hasha. Mgeni njoo mwenyeji apone, hivyo ndivyo tulivyolelewa. Tunachosema ni kwamba katika nyumba hii watu wawili tofauti wanarudi kazini. Yuko mtu anayetoka kwenye mapumziko, na yuko mtu anayetoka kwenye kazi kubwa kuliko ya siku zote. Baba wa nyumba anapotoa amri tarehe 2 Januari kwamba "sikukuu imekwisha, sasa kazi", afikiri kwanza anamwambia nani.

Katika darasa moja la tarafa ya Mkuu tulizungumza jambo hili. Mzee mmoja alisema, "Mwalimu, kazi za jiko ni za mama tangu zamani." Mama mmoja akamjibu kwa adabu, "Shikamoo meku. Ni kweli. Lakini zamani hizo nyumba ilikuwa na mabinti watano na shangazi wawili. Leo mabinti wako shule, shangazi yuko Dar." Mzee alikaa kimya, kisha akacheka. Wote tulicheka. Lakini jibu la mama yule lina hesabu ndani yake. Mikono imepungua nyumbani, kazi hazikupungua. Shule imechukua mikono ya watoto, nasi tunasema ni vizuri ichukue. Basi mikono iliyobaki ni ya nani? Ni ya baba na mama.

Shauri letu ni hili. Katika wiki ya kwanza baada ya wageni, mama apewe angalau siku mbili za kulala mpaka jua litoke. Baba akamue ng'ombe au akatafute maji. Watoto wakubwa, wa kike na wa kiume, waoshe vyombo na kufua mashuka yaliyobaki. Kijana wa kiume akiosha sufuria hapungui kitu. Na mashuka siyo lazima yafuliwe yote siku moja kana kwamba mkaguzi anakuja.

HESABU YA GHALANI

Sasa tuchukue kalamu. Wahitimu wa kisomo mnajua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Hesabu hizo hatukujifunza ili tufaulu mtihani tu.

Nyumba yetu ya mfano ilikuwa na magunia 2 ya mahindi tarehe 18 Desemba. Gunia moja kilo 100, kwa hiyo kilo 200. Familia ya watu 5 inatumia kilo 2 kwa siku, maana ndizi zipo pia. Kama wageni wasingekuja, kilo 200 ukigawanya kwa 2 unapata siku 100. Ukihesabu siku 100 kuanzia tarehe 18 Desemba, unafika tarehe 27 Machi.

Lakini wageni walikuja. Watu 15 ni mara tatu ya watu 5. Basi walitumia kilo 6 kwa siku. Siku 14 mara kilo 6 ni kilo 84. Kilo 200 toa 84, zinabaki kilo 116. Familia imerudi kuwa ya watu 5, inatumia kilo 2 kwa siku. Kilo 116 gawanya kwa 2 ni siku 58. Ukianzia tarehe 1 Januari, siku 58 zinaishia tarehe 27 Februari.

Umeona? Mwezi mzima umepotea. Na mahindi ya masika yanapandwa Machi, yanakomaa Julai au Agosti. Mtu atasema wageni walikula wali na ndizi zaidi kuliko ugali. Sawa, apunguze. Lakini aongeze vile walivyoondoka navyo. Gari lilipogeuza kwenda mjini lilibeba mikungu miwili ya ndizi, debe la maharage, maparachichi, na kuku wawili waliofungwa miguu. Hakuna Mrombo atakayemwacha ndugu yake aende mikono mitupu, nasi hatutaki hilo. Ila hesabu ifanywe.

Faida ya kufanya hesabu hii mapema Januari ni kwamba bado una nafasi ya kuchagua. Mwezi wa Aprili huna. Aliyejua kwamba unga utaisha Februari anaweza kula ndizi siku nne za wiki na ugali siku tatu, kama migomba inaruhusu. Anaweza kununua debe mbili sasa, kabla bei haijapanda. Anaweza kupanda mchicha na mnafu karibu na jiko, penye maji ya kuoshea vyombo. Asiyejua atastuka siku atakapofungua gunia akakuta kamba. Huyo ndiye anayekwenda dukani kukopa, na duka huandika deni kwa kalamu nzito.

Kuhusu fedha tuseme maneno machache tu. Wageni wengi huacha chochote kwa bibi au kwa mama. Fedha hiyo inaonekana nyingi kwa sababu imekuja kwa mara moja. Iandikwe siku hiyo hiyo: imeingia kiasi gani, ya nani, kwa kazi gani. Ya bibi ni ya bibi. Baba asiichukue kwa kisingizio cha kuitunza.

WATOTO NA SHULE

Serikali iliondoa ada katika shule za sekondari hadi kidato cha 4 kuanzia Januari 2016, na kidato cha 5 na cha 6 mwaka 2022. Hayo ni mafanikio. Lakini sare, viatu, madaftari na chakula bado ni mzigo wa mzazi. Mtoto hukua hata wakati wa sikukuu, pengine hasa wakati wa sikukuu. Mvalishe sare ya mwaka jana wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, umwone. Ukingoja hadi jioni ya mwisho utakuta suruali inaishia gotini, na fundi cherehani ana nguo za watu 30 mbele yako.

Jambo la pili ni usingizi. Wakati wa sikukuu watoto walikesha na binamu zao wa mjini, wakitazama simu na kusimulia hadithi. Walilala saa 5 usiku, waliamka saa 3 asubuhi. Mwili wao umezoea hivyo. Huwezi kuubadili kwa usiku mmoja kwa fimbo. Wataalamu wa afya wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Mtoto wa kwetu anayekwenda shule kwa miguu huamka saa 11 na nusu alfajiri. Hesabu kurudi nyuma: ili apate saa 9 na nusu, alale saa 2 usiku.

Basi anza siku nne au tano kabla ya shule. Siku ya kwanza mlaze saa 4, ya pili saa 3 na nusu, ya tatu saa 3, hivyo hivyo hadi ufike saa 2. Asubuhi mwamshe mapema kidogo kuliko jana. Mpe kazi ya asubuhi, kama kufagia uani au kupeleka maganda ya ndizi kwa mbuzi, asirudi kitandani. Na chakula cha jioni kiwe tayari mapema, maana kumwambia mtoto alale saa 2 wakati ndizi bado zinachemka ni maneno ya bure.

Tena, mtoto akipata homa wiki hizi, usiseme tu ni uchovu au ni kuwakumbuka binamu. Huku juu mlimani kuna baridi na mbu ni wachache, lakini wengine wametoka kutembea nyanda za chini au wamekwenda mjini kusindikiza wageni. Mbu mwenye malaria akimwuma mtu, homa haiji siku ile. Huja baada ya siku 7 au zaidi, mara nyingi kama wiki mbili. Mpeleke zahanati apimwe damu kwanza, ndipo apewe dawa. Usimpe vidonge vilivyoachwa na mgeni kwenye dirisha.

Na wazee wenye presha au sukari watazame kadi zao za kliniki. Tarehe ya kurudi imeandikwa pale. Tunajua wengi waliruka dawa siku za nyama na mbege. Sasa mnajua kusoma, someni kadi wenyewe, msingoje mjukuu.

NG'OMBE HAJUI KRISMASI

Katika sikukuu ng'ombe alipata chakula kwa bahati. Leo maganda mengi ya ndizi, kesho hakuna, kesho kutwa machicha ya mbege ndoo nzima. Saa za kukamua zilipotea. Aliyekuwa akikamua saa 12 alfajiri alikamua saa 4, na wengine walikamua haraka haraka wakaacha maziwa kwenye kiwele. Halafu Januari watu wanalalamika kwamba ng'ombe amerogwa na jirani.

Hajarogwa. Ng'ombe hutoa maziwa kwa utaratibu. Akamuliwe mara mbili kwa siku, saa zile zile, na nafasi kati ya mkamuo na mkamuo ikaribie saa 12. Maziwa yote yatolewe, maana yanayobaki huweza kuleta ugonjwa wa kiwele. Chakula kibadilishwe pole pole, siyo kwa siku moja. Kama alizoea machicha na maganda, mwongezee majani kidogo kidogo kwa wiki nzima, la sivyo tumbo litavimba. Na maji! Ng'ombe wa maziwa anaweza kunywa lita 40 au zaidi kwa siku, yaani ndoo mbili kubwa. Mwezi wa Januari na Februari jua ni kali. Ukimpa ndoo moja usidai maziwa ya ndoo mbili.

Majani ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Akina mama wanateremka hadi nyanda za chini, wanarudi na mzigo kichwani, wanapanda mlima. Majirani watatu wakishirikiana kukodi gari dogo mara moja kwa wiki, kila mmoja akalipa theluthi, migongo itapona. Na wenye nafasi wapande majani ya tembo kwenye kingo za matuta mvua za masika zikianza. Yanashika udongo pia.

Mikahawa nayo inangoja. Mavuno yamekwisha au yanakwisha. Buni zilizobaki juu ya mti na zilizoanguka chini ziokotwe zote, kwa sababu mdudu anayetoboa buni hujificha humo akingoja mazao mapya. Matawi makavu na machipukizi yasiyotakiwa yakatwe, hewa na jua vipite katikati ya mti. Mti wenye giza ndani hupenda kushika chulebuni. Kazi hii ifanywe sasa, wakati wa jua. Samadi iliyorundikana bandani wakati wa sikukuu, na lazima imerundikana, iende kwenye migomba.

Lakini tusifanye yote siku moja. Tumeona watu wanaoingia shambani tarehe 2 kwa hasira, kana kwamba wanalipa dhambi ya kupumzika. Siku ya tatu mgongo umekataa, wamelala. Anza na nusu siku. Kazi ya wanyama na maji haingoji, hiyo kila siku. Kazi ya mikahawa inaweza kugawanywa: leo miti 10, kesho 10. Mwenye miti 200 atamaliza kwa siku 20, na masika bado hayajafika.

BIBI AMEKAA NJE

Kuna mtu mmoja katika nyumba ambaye hatumsemi sana. Ni bibi. Kwa wiki mbili alikuwa na wajukuu saba, wa hapa na wa mjini. Walimwita kila dakika. Sasa nyumba ni kimya. Wale wa hapa wamekwenda shule, mama yuko kwenye majani, baba yuko shambani. Bibi anakaa nje kwenye kigoda akitazama barabara.

Na bibi huyu wa mfano ana bahati, anaishi na mwanawe. Mnazijua zile nyumba kubwa za matofali na bati jekundu, ambazo hufunguliwa Desemba na kufungwa Januari kwa kufuli. Nyuma ya nyumba ya namna hiyo mara nyingi kuna nyumba ndogo ya zamani, na ndani yake mzee mmoja peke yake na moto wake. Majirani, piteni hapo. Mtoto atumwe na kikombe cha maziwa, akae kidogo, asiweke kikombe akakimbia. Mzee asiyepikiwa na mtu huacha kupika. Anakula ndizi mbili za kuchoma, kesho moja, na nguvu zinaondoka pole pole bila ugonjwa wenye jina.

Bibi naye apewe kazi inayomfaa. Achambue maharage ya mbegu, aangalie kuku, awafundishe wajukuu kusuka mkeka au kutaja majina ya mababu. Na siku ya Jumapili mtoto wa mjini apige simu, azungumze na bibi mwenyewe. Siyo kumtumia salamu kupitia kwa baba.

AHADI ZA KWENYE MBEGE

Kabla wageni hawajaondoka, nyumba nyingi hufanya kikao cha ukoo. Hapo mipaka ya kihamba husemwa, ugomvi wa zamani hupatanishwa, pengine kwa jani la isale. Na hapo ndipo ahadi hutolewa. "Mimi nitaleta mabati 10 ya jiko la mama." "Mimi nitanunua sare za watoto." Watu wanapiga makofi. Ikifika Februari, mwenye mabati anasema alisema 5, na mwenye sare anasema alisema "nikijaliwa".

Hapa ndipo sisi wahitimu wa kisomo tunapotakiwa. Chukua daftari. Andika tarehe. Andika majina ya waliokuwepo. Andika kila ahadi kwa mstari wake: nani, kitu gani, lini. Kisha usome kwa sauti, wote wasikie, na kila aliyeahidi atie sahihi. Mzee asiyejua kuandika aweke dole gumba. Daftari likae kwa mtu asiyegombana na watu. Katika baadhi ya nyumba ni vizuri likae kwa mama, maana yeye ndiye anayebaki na sufuria baada ya kikao kufungwa.

Katika daftari hilo hilo andikeni sasa, mapema, wakati bado mnakumbuka, mambo ya Desemba ijayo. Wageni walikuwa wangapi? Nani atume mchele na sukari kabla ya kufika? Nani alale wapi? Wifi wa mjini na binti zake wapike siku gani ili mama wa nyumba naye anyooshe miguu uani? Tunadhani wifi hatakataa. Wengi hawakukataa kusaidia, hawakuambiwa tu. Mama anasema "kaeni tu, mmechoka na safari", nao wanakaa siku 14.

DARASA LIMEFUNGULIWA

Mwisho ni juu ya darasa letu. Desemba tulifunga. Januari tunapofungua, wanafunzi wengi hawarudi, hasa akina mama. Mtu anasema atakuja kazi zikipungua. Kazi za kihamba zimewahi kupungua lini? Na macho yasiyosoma kwa miezi miwili huanza kuyumba kwenye maneno marefu. Hilo tumeliona kwa watu waliofaulu vizuri kabisa. Kama huwezi kuja siku mbili kwa wiki, njoo moja. Kama mtoto mdogo analia, njoo naye.

Kazi ya kufanya nyumbani ni hii. Pima mahindi yaliyobaki ghalani kwako kwa debe. Debe moja la mahindi ni kama kilo 18. Zidisha upate kilo zote. Kisha pima kwa siku tatu familia yako inatumia kilo ngapi, ugawanye kwa 3 upate kilo za siku moja. Sasa gawanya kilo za ghalani kwa kilo za siku, uandike tarehe ambayo mahindi yataisha. Lete daftari darasani. Wale watakaopata tarehe iliyo kabla ya mwezi wa Aprili, tutakaa nao baada ya somo pamoja na bwana shamba.